Kigingi cha Saba

Kwetu, karibu na Pap Onditi, mtu akikujia na tabasamu na futi ya kupimia, unaficha hati ya shamba kwanza, salamu baadaye. Kwa hiyo binti wa chuo kikuu alipoomba kusimamisha antena tisa za kusikiliza nyota kwenye malisho yangu, nilikubali kwa mdomo tu. Nyota zinasikilizwa tangu lini?

"Baba, kuna place hapa hatufai kugusa?"

"Hakuna, binti yangu. Ni nyasi tu."

Nilimdanganya. Mama yangu amezikwa pale, penye boma letu la zamani. Lakini kaburi ni shahidi, na anayetaka kunyang'anya shamba huanza kwa kulifuta kaburi; nikaona bora asilione. Asubuhi ile nilikuwa nimeung'oa msalaba wake, nikautia motoni. Mchwa walikuwa wameula. Haukuchemsha hata chai.

Binti akapigilia vigingi tisa, kimoja kwa kila antena. Vilikaa ovyo ovyo. Mpimaji gani hafuati mstari? Na cha saba kikasimama karibu kabisa na tundu la msalaba! Huyu ameambiwa na mtu, nikajisemea. Alipokwenda kula, nilikihamisha hatua kumi na mbili, nikakipanga sawasawa kati ya wenzake wawili, kisha nikafukia matundu yote mawili, lake na la msalaba, kwa mguu.

Aliporudi alipima, akaniangalia. "Baba, hii imetoka place yake."

Nikakana, nikaruka futi mia. "Labda ng'ombe."

"Ng'ombe anajua kupanga line?"

Akanieleza kwamba kila antena mbili husikiliza pamoja, na umbali kati yao una habari yake. Umbali ukirudiwa, habari inakuwa ile ile. Ndiyo maana vigingi havipangwi kwa umbali sawa.

"Kwani hiyo place ya kwanza kuna nini? Niambie tu. Kompyuta itatafutia antena place ingine."

Nikamwambia. Hakucheka. Akanipa kigingi chekundu. "Basi weka hapo mama amelala, tusikanyage."

Nilizunguka kwenye nyasi mpaka jasho likanitoka. Kila mahali palikuwa sawa. Niliona aibu ya kutaka kulia: nilikuwa nimempoteza mama kwa mikono yangu.

Binti akatazama karatasi yake, akavuta futi kutoka kigingi cha pili, tena kutoka cha tano, akasimama.

"Ya saba ilikuwa hapa, Baba."

Nikapiga magoti, nikapigilia.