Jinsi kompyuta ilivyopoteza ubingwa wa drafti Shauri Moyo

Wakuu wa hapa, niaje. Hii ni kweli tupu, naapa kwa report form yangu, ile mathe bado hajaiona.

Drafti ya mtaa wetu ni ubao, vifuniko vya soda na benchi nje ya kinyozi. Bingwa ni mjomba wangu Wafula, fundi wa majiko. Tangu nizaliwe sijaona akitolewa pale.

Mwezi jana Mwalimu Mutua, anayefundisha kompyuta kwa hall ya kanisa, akamwalika acheze na mashine. Mjomba akaoga, akavaa shati la harusi.

Akachapwa mara sita.

Mwalimu akatangaza mbele ya watu kwamba mambo ya benchi yamekwisha, sasa kuna kitu ambacho binadamu hatawahi kukishinda.

Mjomba akaacha kucheza kabisa. Juzi akanipa ubao, eti mathe auwashie jiko. Nikamuuliza kama ni kule kushindwa kunamuuma.

"Nilikula kete yake," akasema, "haikusonya hata. Ni kama kutukana ukuta."

Ubao nikauficha chini ya kitanda.

Sasa, sheria ya benchi ni moja, hata nyinyi mliohamia Njiru mkajifanya wageni mnaijua. Bingwa akiitwa, lazima afike Jumamosi. Kivuli cha kinyozi kikigusa mtaro kabla hajafika, cheo kimeenda.

Nikararua karatasi ya katikati kwa daftari la CRE, nikaandika: "Kwa Bingwa Kompyuta. Unaitwa benchi Jumamosi. Njoo peke yako." Nikaibandika mlangoni mwa hall.

Jumamosi mtaa mzima ulifika. Mwalimu pia akaja, akanieleza polepole kama mtoto wa nasari kwamba mashine haiwezi kutoka kwa hall, waya wa stima haufiki huku.

Nikamwambia kwamba hata Mjomba alikuwa na kazi, na bado alienda alipoitwa.

Kinyozi akatazama kivuli kikiingia mtaroni. "Imeogopa," akasema.

Watu walicheka mpaka Mwalimu akakalia benchi kwa hasira, akasema atacheza kwa niaba ya mashine. Nikakimbia nyumbani kutoa ubao. Mjomba akaniona nao nikipita pale anapogonga majiko, akauliza nani ameketi pahali pake. Nikamtajia. Akaweka nyundo chini.

Wakuu, alikula kete tatu kwa mpigo.

"Mwalimu, hiyo nyingine unaishika kama yai la kuiba."

Mwalimu akasonya. Kwa nguvu, mpaka kinyozi akageuka.

Mjomba akacheka, mara ya kwanza mwezi mzima. "Hiyo ndiyo nilikuwa nangoja," akasema, kisha akammaliza.

Siku hizi Mwalimu hupanga foleni kama sisi wengine.

Nilichojifunza: kompyuta ni kali, sikatai, na itazidi kuwa kali mpaka wajukuu wetu waikome. Lakini leo iko kwa hall imefunikwa kitambaa, na benchi limejaa hadi watu wanakalia mawe.

Anayejua mashine inayosonya ailete Jumamosi. Wengine semeni yenu hapo chini, isipokuwa mwalimu wangu wa CRE.