Mama Aliyeziba Masikio

Mvua ya Kalembe, kijiji chetu cha mlimani, ilipoanza kupiga mabati, mama aliacha chochote alichoshika na kuziba masikio kwa viganja. Nilikuwa na miaka tisa, wa kwanza kati ya watoto watano. Sauti nyingi kwa pamoja zilimuumiza kabisa: sisi tukilia, mbuzi wakilia, majirani wakibishana. Kwa hiyo kila mchana, akishatulisha, alinikabidhi mdogo wetu na kwenda kukaa peke yake katikati ya maharagwe, akipanga majani makavu kwa ukubwa wake. Alirudi ametulia, akacheka nasi, akapika. Hakuwahi kutupiga. Ni akina mama wangapi wa mlima ule wangeweza kusema hivyo?

Lakini wanawake wa kikundi cha sala walimwita mvivu, kisha wakasema ana pepo. Aliyewaleta nyumbani ni shangazi, dada yake baba. "Mama wa batoto batano anaenda kujificha mu shamba? Ile haiko tabia ya muntu muzima!" Walimkataza kutoka, wakaimba na kupiga ngoma karibu na kichwa chake siku baada ya siku. Baba alisimama mlangoni akiwatazama tu. Siku ya tatu mama aliacha kuongea. Siku ya tano alianguka jikoni, nao wakashangilia kwamba pepo ametoka. Walishangilia! Mpaka leo damu yangu huchemka. Nilijipenyeza katikati yao, nikamshika mkono. "Mumuache! Haiko pepo, makelele njo inamuua!" Shangazi alinizaba kofi. Hapo ndipo baba alipofungua mdomo: "Mutoke kwangu, bote." Nilimwongoza mama hadi shambani. Ulipita mwezi mzima kabla hajalitaja tena jina langu.

Leo ninaishi Hombo, nina watoto watatu, na kichwa changu kimeumbwa kama cha mama: makelele hukiumiza. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba hali hiyo si ugonjwa wala dhambi, akanishauri nipumzike kabla sijaishiwa nguvu. Nilimsikiliza kwa hasira, kwani mama aliligundua hilo mwenyewe, akaadhibiwa. Nikifunga mlango wa chumba, mume wangu huwaambia watoto, "Mama anapumuzika," na hakuna anayeleta ngoma. Mama amezikwa Kalembe, na bado anaitwa yule wa pepo. Mwezi uliopita shangazi alinitembelea, akanisifu kwa utulivu wangu. Nilimuuliza kama aliwahi kumwomba mama msamaha. Yeye aliuliza kama chai imeiva.