Ankoay wa Ukutani Kwangu

Wifi yangu nilimwonea wivu kwa sababu ya ndege. Si nguo, si nyumba, si watoto. Ndege tu, hawa wanaoruka bure juani. Watu wakisikia hucheka, na wacheke. Hawakuwahi kumwona mtu akikuna nazi jikoni, akasimamisha mkono, akasikiliza kidogo, akasema, "Hao wawili, dume na jike," kisha akaendelea kukuna.

Yeye ni dada wa mume wangu. Alikuwa mwalimu kisiwani Nosy Be, mimi nikikaa na kaka yake Mahabibo, hapa Mahajanga, nikishona nguo za watu. Mwishoni mwa miaka ya sabini mume wangu, aliyekuwa karani bandarini, alinunua kamera kwa baharia mmoja, kamera yenye lenzi ndefu kama mchi. Mwenyewe alidhani atapiga picha za meli. Basi wifi akaja likizo, akanichukua mimi na kamera mpaka ufukweni, akanionyesha ndege sita niliokuwa nimepishana nao maisha yangu yote bila kuwajua hata kwa sura. Siku ile ile nikanogewa. Na siku ile ile roho ikaanza kuniuma, maana sita wote aliwaona yeye, mimi nilionyeshwa.

Filamu wakati ule zilikuwa hazionekani madukani. Ikipatikana moja tuliigawana: picha thelathini na sita, kumi na nane zake, kumi na nane zangu. Kamera ilisafiri kwa meli kati ya Nosy Be na Mahajanga, mikononi mwa jamaa yeyote aliyekuwa safarini, imefukiwa kwenye mchele mkavu ndani ya kopo la maziwa ya unga isipate unyevu. Wifi ndiye aliyeanza, mimi nikamalizia, kwa kuwa studio ya kusafisha filamu ilikuwa huku kwangu. Picha zikitoka nilimtumia zake kwenye bahasha, pamoja na nakala za zangu anitajie majina.

Hapo ndipo aliponimaliza. Wakati mmoja nilishinda kutwa kijijini Boanamary, matope ya mto mpaka magotini, nikampiga picha ndege mweupe kando ya mikoko. Nyuma ya picha nikaandika kwa fahari: kwarara. Ikarudi na wino mwekundu, ule ule wa kusahihishia madaftari ya watoto: "Yangeyange, wifi. Mdomo wa kwarara umepinda." Mume wangu alicheka mpaka akatokwa na machozi. Alikuwa yangeyange kweli, yule yule anayefuata ng'ombe! Nilijikaza nikacheka naye, lakini kopo lilipopaswa kurudi Nosy Be nililikalia miezi miwili, nikisingizia kwamba hapatikani msafiri.

Barua zikaanza kurushwa. Wifi akalalamika kwa kaka yake, mimi nikalalamika kwa mume wangu, na masikini ni mtu mmoja huyo huyo. Mwisho akachoka na kesi zetu. Akamwandikia dada yake, na mimi akanisomea: atakayepata picha nzuri ya ankoay, kamera ikae kwake moja kwa moja, na mwenziwe asiiulize tena. Ankoay ni furukombe wa huku kwetu, mashavu meupe na mkia mweupe, na hata wakati huo walikuwa wamebaki wachache mno. Nadhani mume wangu alitaja ndege ambaye hatungempata, ili apumzike.

Kopo lilipokuja mara ile, nilikwenda Boanamary siku nne mfululizo. Ya nne akatoka juu ya mikoko, mkubwa, akanipita kichwani. Nikainua kamera kwa pupa kabla sijaweka lenzi sawa. Nikabonyeza mara moja tu. Nikarudi nyumbani nimejaa matope na furaha, nikamwambia mume wangu aanze kumzoea mwenye kamera.

Studioni mwenye kazi yake alikuwa amezianika picha kwenye kamba. Ankoay walikuwa wawili. Wangu alikuwa doa jeusi lenye ukungu, mwavuli uliochukuliwa na upepo. Wa wifi alikuwa ametua kwenye mti mkavu, kucha zote zinahesabika, na anatazama moja kwa moja ndani ya lenzi, jicho kwa jicho na mpigaji. Jamani, ile picha! Hata leo sijui alimkaribia vipi.

Kwa chini, kwenye kona, yalionekana matawi ya milangilangi, yale yaliyopindwa na kushushwa ili wanawake wachume maua bila ngazi. Boanamary hakuna mlangilangi hata wa dawa. Yeyote angejua picha ile imetoka Nosy Be.

"Ikuze hii," nikamwambia mwenye studio, "na hapa chini ukate."

"Chini kote?"

"Kote. Nataka ndege, sitaki miti."

Mume wangu aliita majirani. Akaitia picha kwenye fremu, akaitundika sebuleni, na kamera ikawa yangu. Ile ya ukungu niliitia kwenye bahasha, nikampelekea wifi na maneno haya, Mungu anisamehe: "Pole wifi yangu, mkono ulikutikisika." Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. "Hongera. Usisahau kubadilisha mchele." Basi. Hakugombana, hakuuliza kamera tena, na ndege hakuwapiga tena. Nilitamani anitukane.

Miaka ikaenda. Tulihamia mtaa wa Antanimasaja, na ankoay akahama nasi. Wageni walikuwa wakiuliza, "Kweli alikuwa anakutazama hivi?" Nami nikijibu, "Mimi hasa." Lakini wifi alipokuja, harusini au matangani, niliivua picha kabla hajaingia, nikasema fremu iko kwa seremala. Seremala gani wa kukaa na fremu miaka thelathini? Hakuuliza hata siku moja. Nimepiga mamia ya ndege tangu hapo, kwa kamera tatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyenitazama vile. Kila asubuhi nilikunywa chai nikimwonea wivu wifi yangu kwenye ukuta wangu mwenyewe.

Mume wangu alifariki akiamini. Hilo linaniuma mpaka kesho.

Mwaka huu niliichukua negativu, ile filamu yenyewe niliyoificha miaka yote, nikampelekea kijana mwenye mashine za kisasa, akaitoa picha nzima, na milangilangi yake. Nikapanda meli kwenda Nosy Be. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta wifi kibarazani. Nilijua presha ya macho imemshika, sikujua kwamba imeshampofusha kabisa. Aliinamisha kichwa akisikiliza mti wa jirani, akanitajia ndege watatu kabla hata hatujamaliza kuulizana hali. Na mimi, kwa umri huu, roho ikaniuma tena.

Nikamwekea picha mapajani.

"Nimekuletea picha."

Akaipapasa pembeni. "Kubwa. Ya nini?"

"Ankoay."

Akauliza jambo moja tu: "Chini kuna milangilangi?"

"Ipo yote. Wifi, kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya bahasha. Mimi nimewahi kumpiga ndege anayeruka? Nilikuwa nangoja atue."

"Na hukusema!"

"Nimwambie kaka yangu nini, kwamba mkewe ni mwizi?" Hakupandisha sauti. "Nikasema utaniletea mwenyewe. Umechelewa, wifi. Sijawahi kuiona."

Nililia, sikuona haya. Alikuwa ameishika juu chini, nikamgeuzia. Akapitisha kidole polepole juu ya karatasi laini, akitafuta ndege alipo, akakosea, akapapasa kwenye anga tupu. Nikamshika mkono, nikamwekea kidole pale pale.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Ni jicho."

"Linatazama wapi?"

"Linakutazama wewe."