Hesabu ya Pumzi Moja

Kukaa chini hakujui. Mama yake husema mwanawe huyo alitembea kabla ya kutambaa, na nani atambishia mama wa watu? Akila, anakula amesimama mlangoni. Akishikwa na mafua, anaugulia juu ya ngazi. Ndiyo maana mji mzima unamwita Fundi Ngazi, na jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti tu. Kazi yake ni kupaka rangi, hasa dari, kazi ambayo wenzake huikwepa kwa sababu shingo inapinda siku nzima na rangi inakudondokea usoni. Pale ukuta unapokutana na dari, mafundi wengine hubandika kwanza tepu ya karatasi. Yeye alikuwa akichukua brashi ndogo, akivuta mstari kutoka kona hadi kona bila tepu, na unanyooka. Kwa mstari huo alikuwa na maringo ya kumtosha yeye na ukoo wake wote.

Balaa lilianza na kope. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na mchana huo alikuwa akipaka sebule ya mwenye duka la vipuri. Kope ya kushoto ikashuka yenyewe. Akaipandisha, ikashuka tena. Wakati huohuo mke wa mwenye nyumba alikuwa akipita na ndoo, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa nyuma yake.

"Wewe fundi, unamkonyeza nani?"

"Simkonyezi mtu, bosi. Jicho limechoka."

"Limechoka au limechokoza? Hebu shuka!"

Alitolewa nje kama mwizi wa kuku, na dari ikabaki nusu nyeupe, nusu madoa ya maji. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye familia yake ambaye walifanya kazi pamoja, alicheka hadi akakalia ndoo ya rangi. Fundi Ngazi hakuona cha kuchekesha. Kesho yake alfajiri jicho lilikuwa wazi kabisa, akaona yameisha.

Hayakuisha. Asubuhi alikuwa mzima, mkono mwepesi, mdomo haufungi. Ikifika saa nane mchana mikono inalegea kwa uchovu, na ukingo wa dari unageuka kingo mbili, mmoja juu ya mwingine. Akifumba jicho moja, unabaki mmoja. Lakini hilo moja nalo lilichoka, na siku moja akaufuata ukingo usiokuwepo: akavuta mstari wake wa maringo mita nne nzima, vidole viwili ndani ya dari. Shemeji aliuona kwanza. Hakusema neno, alichukua brashi akaufunika kwa rangi nyeupe. Ukimya ule ulimchoma Fundi Ngazi kuliko maneno yote ya mwenye duka la vipuri.

Kisha sauti ikahamia puani, na maneno yakaanza kumteleza kila alasiri. Watu hawana dogo. Mara fundi siku hizi anakunywa, mara fundi ananusa thina, ile ya kuzimulia rangi. Hata mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke asiye na makuu, alimsimamisha mlangoni akamwambia, "Fungua mdomo." Akanusa. Hakukuwa na kitu. Lakini wakati wa kula alimwona anaishika taya kwa kiganja ili aweze kutafuna, na hapo shaka ikamtoka, ikaingia hofu.

Hospitali alishakwenda mara tatu. Na hapa ndipo ujinga wake ulipo, maana kila mtu ana wake. Kila alipopangiwa kumwona daktari, Fundi Ngazi alilala siku nzima iliyotangulia, akaoga, akapiga pasi shati, akawa wa kwanza kwenye foleni saa moja asubuhi. Kwa daktari ni lazima mtu aende nadhifu, ati. Basi mara zote tatu daktari alimkuta mtu imara kama nguzo ya umeme. Akaambiwa apunguze thina na avae barakoa. Tena kulikuwa na donge lililokuwa limemtoka chini ya shingo, ukubwa wa limau; nalo liliguswa kidogo, likaitwa goita, likapangiwa tarehe ya mbali. Mwenyewe alidai ni msuli, ameupata kwa kutazama juu miaka ishirini.

"Baba, wewe daktari unampelekea mgeni," mkewe alimwambia. "Mgonjwa unamwacha nyumbani."

"Sasa ulitaka niende mchafu?"

"Nilitaka uende mgonjwa."

Alhamisi moja mwalimu akaamua. Alimwacha mumewe afanye kazi tangu asubuhi, na saa tisa alasiri alikuwa amesimama chini ya ngazi, chaki bado mikononi. Alimshusha alivyo, rangi kwenye nywele, kope imelala, akamkokota moja kwa moja hadi hospitali.

Daktari wa siku hiyo alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na asiye na haraka. "Fundi, inua macho utazame dari," alisema. "Usiyashushe mpaka nikwambie."

Kumwambia mtu huyu atazame dari! Aliitazama, na alichokiona kilimkera. "Daktari, aliyewapakia dari hii aliwaibia. Hakuikwangua hata kidogo, kapaka tu juu ya ile ya zam..." Neno likapotelea puani. Kope zote mbili zikashuka polepole kama mlango wa duka unaofungwa. Alijitahidi kuzipandisha, paji la uso likajikunja, zikakataa. Mkewe akamshika mkono. Daktari alisogea karibu, akaweka vidole juu ya lile donge, na hakuviondoa haraka kama wale wengine.

Vipimo vya damu na picha vilichukua majuma mawili, na kwa mtu asiyejua kusubiri yalikuwa miaka miwili. Walipoitwa, daktari aliwaeleza taratibu. Kinga ya mwili wake ilikuwa imekosea adui: ilikuwa inazuia amri ya neva isiufikie msuli. Akipumzika, amri zinapenya, ndiyo maana asubuhi anaonekana mzima. Donge nalo halikuwa goita. Lilikuwa uvimbe wa tezi ya kinga iitwayo thaimasi, na ndio uliokuwa ukichochea kosa hilo.

"Tezi hiyo makazi yake ni kifuani," alisema daktari. "Mtoto akiwa tumboni, inaanzia shingoni inashuka. Kipande chako kilibaki njiani, na uvimbe umeota humo. Ni nadra sana. Mimi nimesoma tu. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwona kwa macho."

"Hata tezi yangu imekataa kukaa ilipopangiwa?"

"Imemrithi mwenyewe," mkewe akajibu, na wote wawili wakacheka kwa woga.

Daktari hakucheka. "Uvimbe tutautoa, na dawa utameza muda mrefu. Usitegemee kope zitapona kesho yake. Lakini si kope ninazoziogopa, fundi. Kifua nacho kinaendeshwa na misuli. Ikichoka ile, hupumui. Kwa hiyo wodini kila siku utahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Ukifika thelathini, nakuruhusu nyumbani. Chini ya hapo, hutoki."

Upasuaji ulikwenda vizuri, uvimbe ukatoka mzima. Kilichomshinda ni kitanda. Siku ya pili alikuwa ameshahesabu vigae vyote vya sakafu, siku ya tatu amegombana na mto. Siku ya nne asubuhi muuguzi alikuja na karatasi yake. Fundi Ngazi akavuta pumzi, akaanza, akaenda hadi thelathini na mbili. Muuguzi akafurahi, akachomoa kalamu.

"Usiandike, dada," alisema mkewe. "Ameiba."

"Ameiba nini, mama?"

"Pumzi. Amefika kumi na tatu akajifanya anameza mate, akavuta nyingine humohumo. Nina watoto arobaini na sita darasani. Anayeibia hesabu namjua kwa sikio."

Fundi Ngazi alimtolea macho, yale yaliyokuwa yanafunguka. "Unataka nifie kwenye kitanda hiki?"

"Sitaki ufie kwenye kile cha nyumbani."

Muuguzi akamwekea mkono mbavuni, akamwambia aanze upya. Alifika kumi na mbili. Saa sita alifika tisa. Saa nane alikuwa ananyonya hewa kama mtu aliyekimbizwa, na wakamkimbiza kwenye chumba cha mashine ya kupumulia.

Siku nane alilala na mrija kooni. Kope zimefungwa, mkono hauinuki, kichwani yuko macho kabisa. Aliogopa, tena aliogopa kama hajapata kuogopa popote, na hakuwa na namna ya kumwambia mtu. Alimsikia daktari akimwambia mkewe hapo kando ya kitanda, "Angekuwa nyumbani, asingewahi kufika hapa." Machozi yakamtoka chini ya kope zilizofungwa. Mkono wa mkewe ukayafuta. Alijua ni wake kwa sababu ulinukia chaki.

Mrija ulipotolewa na akarudishwa wodini, hakuna aliyemlazimisha kuhesabu. Ila asubuhi alikataa. "Njooni saa tisa," alisema. "Asubuhi mimi ni mwongo." Saa tisa alifika kumi na nne. Siku zilizofuata kumi na tisa, ishirini na mbili, ishirini na sita.

Siku ya kumi na mbili tangu arudi wodini, wote walijua ndiyo leo. Mkewe alikuwa amefunga begi, shemeji yuko nje na gari la kuazima, viatu vimetolewa chini ya kitanda. Muuguzi alisimama na kalamu. Fundi Ngazi akavuta pumzi, akaanza. Ishirini na tano ikapita, ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa. Midomo ilikuwa imeshajipanga kutamka thelathini, lakini pumzi ilikuwa imekwisha. Akaifunga.

"Ishirini na tisa," alisema alipopata hewa. "Andika hivyohivyo."

"Fundi, jamani, moja tu!" muuguzi alimsihi. "Nani atajua?"

"Huyu hapa," alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Mkewe aliinama akavichukua viatu, akavirudisha chini ya kitanda.