Rimu za Kuteremkia Muze

Mimi ni mwoga wa magari, na sioni haya kusema. Nilipokuwa msichana nilipanda lori tupu lililokuwa likiteremka bondeni kufuata mpunga. Katikati ya mlima tukaona gurudumu linatupita, linajiendea mbele yetu barabarani. Tulicheka. Mmoja wetu akauliza ni nani huyo kaangusha gurudumu lake. Kisha lori likaanza kulala upande, ndipo tukajua ni letu. Tulipona kwa sababu lililalia upande wa mlima.

Mume wangu anaijua habari hiyo, lakini hakuizingatia siku alipoingia nayo uani hapa Izia, Sumbawanga, ile gari ya spoti. Ni kuukuu kuliko ndoa yetu, imelala chini kama bata, ina taa zinazochomoza kwenye boneti, na ina viti viwili tu. Viti viwili, nyumba yenye watu saba. Aliinunua kwa mtu aliyevuka nayo mpaka wa Kasesya, naye akaipenda kuliko mashine yake ya kukoboa mahindi. Haikuchukua muda, mashimo yakampasulia rimu mbili.

Hapa mjini rimu ni nyingi, ila ni za magari ambayo kila mtu anayo. Za gari kama lile unazitafuta mpaka unasahau ulianza lini. Lakini mume wangu alikuwa na jibu lake. Binti yetu wa kwanza alikuwa ameshachumbiwa, na mchumba wake anauza matairi na rimu mtaa wa Kizwite. Akasema mkwe atamaliza kazi.

Hapo inabidi nieleze ukwe wetu. Kwetu mkwe hambishii baba mkwe, na mama mkwe ndiyo kabisa. Mimi na kijana yule tulikuwa hatujatazamana usoni. Tukikutana njiani mmoja anapisha, mimi nikivuta kitenge kichwani. Nikiwa na la kumwambia nalipitisha kwa mtu mwingine, hata kama yeye amesimama hapo hapo anasikia.

Safari ilipangwa ya Jumamosi. Baba mtu alitaka kumteremsha binti hadi Muze, kule bondeni, kwa bibi yake mzaa baba, akaagwe kabla ya harusi, na alitaka kumpeleka kwa gari lile lile. Huko ni kuuteremka ukingo wa Ufipa, kona juu ya kona, upande mmoja jiwe, upande mwingine hewa.

Alirudi kutoka Kizwite na rimu nne pana zinazong'aa, zimeshafungwa. Alikuwa amezionyesha kwa kidole, akauliza kama zinaingia, na mkwe akajibu, "Zinaingia, baba." Akanipakia tuzunguke mtaani. Usukani ulikuwa unatetemeka, na kila tukikata kona tairi lilikuwa linasugua bodi. Tuliporudi nikainama kwenye gurudumu la upande wangu, nikashika nati. Ikazunguka kwa vidole vyangu hivi.

Nikamwita mume wangu, akaikaza kwa spana, akasema nati mpya zina kawaida ya kujikalisha. Mkwe wake ndiye fundi, na mkwe wake kasema zinafaa. Nikasimama pale nikielewa jambo la kutisha: yeye anamwamini mkwe, na mkwe hawezi kumwambia hapana. Na katikati yao atakaa mwanangu.

Asubuhi nikaenda Kizwite. Kijana aliponiona akageukia ukutani, akaniamkia kwa mgongo. Dada anayeuza chakula hapo jirani akasogea ili atusaidie kupitisha maneno, kama mtu mwenye adabu. Nikamwomba atupishe.

"Baba," nikamwambia kijana, "gari lile ungempakia mama yako?"

Akajibu akiwa bado ameuelekea ukuta.

"Nisingempakia, mama."

"Na mchumba wako? Maana ndiye anayeteremka nalo Muze Jumamosi."

Akachuchumaa chini. Hakuwa ameambiwa safari. Alidhani mzee anataka kutembelea mjini tu, kwenye lami, siku za misa. Alinieleza huku akiitazama ardhi: tundu la katikati la rimu zile ni kubwa kuliko habu ya gari, kile kitovu kinachobeba gurudumu, kwa hiyo rimu haikalii kitu, uzito wote umening'inia kwenye bolti. Nati nazo vichwa vyake ni vya umbo jingine, haziing'ati rimu. Gari likitetemeka kidogo tu, zinaanza kufunguka.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa hajawahi kumkatalia baba kitu, na aliogopa kuanza kabla ya harusi.

Nilikuwa na hasira ya kumtupia tairi. Lakini na mimi miaka yote hii nilikuwa nikiusifia ukwe wake, kijana mnyenyekevu, hana neno. Heshima tuliyomdai ndiyo hiyo hiyo iliyomfunga mdomo.

Mume wangu alipoambiwa alinuna, ila alizirudisha. Safari ikaahirishwa. Kijana akazunguka kwa mafundi mpaka akapata rimu za chuma nyeusi, nyembamba, zilizotoka kwenye gari la ukoo mmoja na lile. Alizipima mbele yetu. Ile ya kwanza aliisukumia kwenye habu kwa viganja, ikakataa kidogo, kisha ikaingia na kukaa, hata kabla ya nati haikucheza. Mume wangu akasema zinafanana na za toroli. Kijana akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni hizo au gari libaki uani.

Nilifurahi kumsikia. Lakini woga haukutoka. Mtu aliyewahi kusema ndiyo kwa heshima, utajuaje safari hii kasema kwa ukweli? Nikatangaza kwamba kabla binti hajapanda, nitateremka mimi, na atakayeendesha ni mkwe mwenyewe. Wifi yangu alishika mdomo. Mama mkwe na mkwe, viti viwili, bega kwa bega! Watu watasema nini? Nikamwambia msibani wangesema mengi zaidi.

Tukaenda. Mpaka Ntendo, kabla ya mlima, nilitazama dirishani na yeye alitazama mbele. Mteremko ulipoanza nilishika mlango kwa mikono miwili, nikasali rozari bila rozari. Kila kona nilingoja kitu kichomoke. Usukani haukutetemeka. Mara mbili alisimama bila kuambiwa, akashuka na spana, akazunguka magurudumu yote, akarudi kwenye usukani.

Chini, joto la bondeni lilipotuingia, akazima gari. Nilikuwa nimelowa mgongo. Hapo nikafanya nilichokuwa sijakifanya, nikageuka nikamtazama usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na mikono yake bado imeung'ang'ania usukani.

"Uliogopa?" nikamuuliza.

"Sana, mama." Akauachia usukani. "Nilikuwa na uhakika nazo, lakini niliogopa."

Kisha akauliza, "Tukirudi na gari, baba amlete binti?"

Mtu mwenye woga namna ile, nikaona, ndiye wa kumpa mwanangu.

"Amlete," nikasema.