Ubani wa Ghorofa ya Mkomani

Mwaka ule bendera ya Mwingereza ilikuwa karibu kubadilishwa, nami nikaona, mbona na sisi tusibadilishe nyumba? Nikapanga ghorofa kule Mkomani: vyumba vine, ukumbi ungeweza kuchezea mpira, na roshani ya kupunga upepo. Likoni tulikuwa tukilala miguu ya huyu kichwani mwa yule.

Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa nguo, Mwislamu mwenzetu, lakini alitutazama kama tumemletea kunguni. Akanambia, "Chini anakaa Mzungu. Hapa ni pa watu wastaarabu. Nikisikia lalamiko moja tu, siku hiyo hiyo mnashusha vitanda."

Mama akamjibu, "Tumetoka Likoni, mwanangu, hatukutoka mwituni."

Siku ya kuhamia, godoro hata halijatandikwa, mama akatia makaa kwenye chetezo, akashika ubani. Kwetu hulali nyumba ngeni hujaifukiza. Shida ni kuwa mama alizoea vyumba viwili. Nikamwambia, "Mama, hii nyumba ya wakubwa. Punje mbili hazitoshi hata choo."

Akanisikiza, mara hiyo moja tu maishani mwake. Akatia konzi nzima.

Wallahi, moshi ulitoka madirishani kama meli inang'oa nanga! Chini Mzungu alikuwa akimwagilia maua. Akainua kichwa, akapiga ukelele, "Moto! Moto!" na mpira wa maji akauelekeza kwetu. Maji yakaingia dirishani, chetezo kikazimika, mama akalowa chapachapa.

Mwenye nyumba alikuwa pale chini akituchunga tusichubue ukuta wa ngazi. Akapanda mbio.

"Sikusema? Shusheni vitanda!"

Mama akawa anakamua leso yake. "Sishuki. Nyumba haijamaliza kufukizwa."

"Bi mkubwa, yule Mzungu..."

"Wewe ulipohamia kwako, hukufukiza?"

Akageuka kutazama ngazi.

"Nakuuliza, mwanangu. Mamako alikulaza nyumba haijafukizwa?"

"Alifukiza," akasema polepole.

"Basi nenda kamwambie huyo mwenye mpira kwamba mamako naye si mstaarabu. Ukiweza kulitamka hilo, vitanda nashusha mimi mwenyewe."

Nami nikachomeka langu: "Na mwambie asifunge maji, bado hatujaoga."

Mama akanikata jicho, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Yule bwana akashuka. Tukamwona kutoka roshani akimweleza Mzungu kwa mikono, anachora moshi hewani, anaonyesha pua, anaonyesha mbinguni. Mzungu akasikiza weee, mwisho akafunga bomba, akarudi ndani.

Vitanda havikushuka. Mama akasema maji yameharibu kazi, lazima tuanze upya chumba cha kwanza. Akatia makaa mapya, akayapuliza, akachota konzi nyingine. Nikamuuliza kama nifunge madirisha.

"Ufunge kwa nini?" akasema. "Fungua yote."