Mkanda Ndani ya Suruali

Fundi wa nguo aliiweka karatasi ya mahakama kwenye droo ya cherehani, juu ya nyuzi. Ilisema mume wake asimkaribie, asimpigie simu, asimtumie ujumbe kwa njia yoyote wala kupitia mtu yeyote, akikiuka, jela. Kwa miezi minne alishona kwa amani, hata mwili ukamrudi.

Kisha mama yake akaja na mfuko. "Suruali ya jirani hii, mwanangu. Ipunguze kiuno."

Fundi hakuhitaji futi. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole. Aliupunguza yeye mwenyewe, mume wake alipovunjika goti. Na nani anapeleka suruali kwa fundi mkanda ukiwa ndani? Mkanda ule aliujua kwa mgongo.

"Mama, amekupa yeye."

"Amekonda, masikini. Kila siku ananiulizia hali yako. Mtu akijirudi apigwe mawe?"

"Na mkanda je?"

"Kausahau tu. Nawe kwa kukuza mambo."

Fundi alikwenda na mfuko na ile karatasi kituo cha polisi. Askari wa zamu aliinua suruali, akacheka. "Ndiyo iliyokutishia hii?" Mkubwa wake aliisoma ile karatasi hadi mwisho, naye hakucheka. Mume akakamatwa siku hiyo hiyo. Lakini kesi nzima, alisema yule mkubwa, inamtegemea shahidi mmoja: aliyetumwa.

Wiki mbili Fundi alimbembeleza mama yake. Hakumwomba amchukie mkwe. Aseme tu nani alimkabidhi mfuko. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, mwanangu, kwa sauti ile ile aliyomwambia nayo miaka yote avumilie.

Siku ya kesi mama alivaa gauni aliloshonewa na bintiye, akaapa, akamkazia macho hakimu. "Suruali niliichukua mwenyewe kwenye kamba, nilipokwenda kumjulia hali. Mkwe wangu hajui lolote."

Hakimu alimuuliza tena, naye akajibu vile vile. Mshtakiwa akaachiwa, akatoka akilinyoosha shati lake.

Nje, mama alimshika Fundi mkono. "Nimekuokolea nyumba yako. Unataka wanao waitwe watoto wa mfungwa? Siku moja utanishukuru." Na aliyasema kwa moyo mweupe, ndio ubaya wenyewe. Angekuwa ni adui, Fundi angejua la kumfanya.

Aliutoa mkono wake taratibu, akarudi ndani hadi kwa karani, akaomba fomu ya kuongeza watu wanaokatazwa kumkaribia kwenye ile amri ya mahakama. Akaandika jina moja. Karani akalisoma, akauliza huyu ni nani kwake.

"Mama yangu mzazi," Fundi akasema.

Karani akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.